Maneno Yaliyokuwa Ndani ya Mabano

Dada wa kampuni ya bima alinipigia simu Ijumaa mchana, natoka msikitini, viatu bado nimeshika mkononi. Akaniambia kwa sauti ya mtu anayeleta heri, "Mzee, pesa zako ziko tayari. Njoo utie sahihi, siku tatu tu zinaingia benki." Nikamuuliza ni kiasi gani. Akasema milioni tatu na laki tatu na elfu sitini. Nikavaa kiatu kimoja, nikamwomba arudie.

Vitu vyetu vilivyoibwa nilikuwa nimeviorodhesha mwenyewe, kimoja kimoja, na jumla yake ilikuwa shilingi 14,800,000. Pale kwenye ngazi za msikiti nilipiga hesabu ya haraka nikaona wananilipa hata robo haifiki. Nilikuwa na maneno ya kumjibu, lakini nilikuwa nimetoka kuswali muda huo huo, nikayameza.

Nieleze kwanza tulivyofika hapo. Mwaka 2022 Idi ya kuchinja iliangukia Jumamosi, tarehe 9 Julai. Mke wangu ni Mnubi wa Bombo, jamii ya Waislamu hapa Uganda, na Idi kwao haina mjadala, lazima twende kwa mama yake. Tulifunga nyumba yetu Kyaliwajjala, nje kidogo ya Kampala, Ijumaa jioni, tukarudi Jumapili usiku na nyama kwenye ndoo. Mlango wa mbele ulikuwa umefungwa vile vile tulivyouacha. Nikafungua, nikawasha taa, nikaona ukuta mtupu pale panapokaa televisheni, na nyaya zake zimebaki zinaning'inia.

Waliingilia dirisha la jikoni. Walikata vyuma viwili kwa msumeno, na unga wa chuma ulikuwa umemwagika juu ya sinki, mweusi, unang'aa kidogo kwenye taa. Mke wangu akachukua kitambaa afute, maana yeye hawezi kuona uchafu jikoni akalala. Jirani yetu, askari polisi mstaafu, akampigia kelele kutoka nje: "Hajati, usiguse! Piga picha kwanza!" Wakati ule niliona anajifanya mpelelezi tu. Baadaye nilikuja kujua kwamba bima ya wizi wa nyumbani kama yangu hailipi wizi hivi hivi. Inalipa pale mwizi alipovunja ili aingie au atoke. Mtu akiingia mlango ukiwa wazi, au kijana wa kazi akiondoka na simu yako, unaweza kuambiwa pole na usipate hata senti. Zile picha tatu za unga wa chuma kwenye sinki ndizo zilizofanya nisiulizwe hata swali moja juu ya hilo.

Polisi nilikwenda usiku ule ule. Afande aliyekuwa zamu alinihudumia kwa Kiswahili safi kuliko changu, nami nimezaliwa kwenye nyumba za reli Jinja ambako Kiswahili ndicho kilitulea. Akaandika, akanipa namba ya kitabu cha kituo, ile wanayoiita SD. Barua ya mwenyekiti wa LC1, yaani serikali ya kijiji, niliipata kesho yake. Habari ya kuombwa pesa ya mafuta ya pikipiki ili waje kuona dirisha naiacha, kila Mganda anaijua.

Lakini kituoni nilifanya kosa. Niliandikisha vitu nilivyoviona vimeondoka: televisheni ya inchi 55, laptopu, simu ya akiba, spika, mtungi wa gesi na jiko lake, gomesi za mke wangu, yale magauni ya heshima ya Kiganda, na nguo zake za sherehe, mashine mbili za kushona. Dhahabu haikutajwa. Mke wangu huificha kwenye kopo la maziwa ya unga nyuma ya mchele, naye alikumbuka kulitafuta kopo hilo Jumanne. Tulirudi kituoni tukaandikisha maelezo ya nyongeza, namba ile ile, tarehe tofauti. Siku mbili tu, lakini baadaye zilinigharimu maneno mengi.

Bima yenyewe niliikata benki, siku nilipokwenda kuuliza habari ya mkopo. Kijana wa dirishani akaniuliza nyumba yangu ina vitu vya thamani gani. Nikasema milioni 30, kwa kuwa ndiyo namba iliyokuja mdomoni na ada yake sikuona kama inaniumiza. Hakuna aliyehesabu. Nchi hii watu wenye bima ni wachache sana, michango yote ya bima haifiki hata asilimia 1 ya pato la taifa, na kwa hiyo mtu akikata bima ya vitu vya ndani anajiona ameerevuka. Nilijiona hivyo. Mkataba ulikuja kwenye barua pepe, kurasa 24 za Kiingereza cha mawakili. Sikufungua hata moja.

Asesa, yaani mtu anayetumwa na kampuni kukadiria hasara, alikuja baada ya wiki moja. Kijana mpole, alivua viatu mlangoni, akanywa chai. Alizunguka kila chumba na karatasi yake. Alihesabu vilivyoibwa, akahesabu na vilivyobaki: viti, friji, vitanda, makabati. Mimi nilidhani anaandika vilivyobaki ili atupe pole zaidi. Nikamsaidia hata kufungua milango ya makabati ya ukutani aone ndani. Ukipata wakati wa kucheka, nicheke hapo.

Sasa turudi kwenye ile Ijumaa. Ofisini walinipa karatasi ya kutia sahihi, vocha ya malipo. Nikaisoma nikiwa nimesimama. Ilisema kwamba napokea kiasi hicho kuwa malipo kamili na ya mwisho, na sitadai tena chochote kuhusu tukio hilo. Kalamu ilikuwa imewekwa juu yake. Muhula wa tatu ulikuwa unaanza Septemba na nina watoto watatu shuleni. Mtu anayedaiwa ada tatu za shule na mfuko wake mtupu, milioni tatu haioni ndogo. Nilishika ile kalamu, sitadanganya. Kilichoniokoa ni aibu tu: nilifikiri nitakavyomwambia mke wangu kwamba dhahabu ya mama yake, gomesi, mashine, vyote vimeisha kwa sahihi yangu, na sijui hata vimehesabiwaje. Nikaomba karatasi ya hesabu. Dada akasema ripoti ya asesa ni mali ya kampuni. Nikamwambia sitaki ripoti yote, nataka kuona milioni 14 imekuwaje milioni tatu, maana hata mwanangu wa darasa la tano huwa anaambiwa aonyeshe njia. Walinitumia ukurasa mmoja Jumatano iliyofuata.

Kabla haujafika, shemeji yangu alikuja na ushauri wake. Tatizo lako, alisema, ni risiti. Twende barabara ya Nasser, kuna mitambo ya kuchapa, kwa elfu hamsini unapata risiti za kila kitu, hata televisheni ya milioni sita. Alisema kwa nia njema kabisa. Nikakataa, na si kwa ucha Mungu peke yake. Mkataba wa bima unasimama juu ya ukweli wa pande mbili. Ukikamatwa na risiti moja ya uongo, kampuni ina haki ya kukataa dai zima, pamoja na yale ya kweli. Na tangu mwaka 2021 maduka yaliyosajiliwa kwa kodi ya VAT yanatoa risiti za kielektroniki za mamlaka ya kodi, ambazo namba yake mtu anaweza kuikagua akiwa amekaa mezani kwake. Shemeji akaniambia nina woga. Sawa.

Badala yake nilikaa usiku mmoja na simu. Televisheni niliilipia kwa pesa ya simu, na kampuni ya simu ilinipa taarifa ya malipo ya miaka miwili nyuma. Namba ya kiwandani ya ile simu ya akiba ilikuwa kwenye boksi lake, juu ya kabati. Mimi ni mtu wa kuweka maboksi, na mke wangu amenigombeza kwa tabia hiyo miaka kumi. Spika ilionekana kwenye picha ya Idi ya mwaka uliotangulia, nyuma ya kichwa cha binti yetu mdogo aliyekuwa ametoa ulimi. Ukiikuza ile picha unasoma jina na modeli. Sikujua kwamba siku moja nitaituma picha ya ulimi wa mtoto kwa kampuni ya bima.

Ule ukurasa wa hesabu ulipofika niliuweka mezani pamoja na mkataba, nikausoma mkataba kwa mara ya kwanza tangu niulipie. Ilinichukua siku mbili kuelewa, na nitaeleza kwa polepole kwa sababu hapa ndipo pesa zilipokuwa.

Kwanza waliziondoa mashine za kushona, milioni tatu na nusu, kwa kusema ni vifaa vya biashara. Pili waliweka kikomo: kitu kimoja hakiwezi kuhesabiwa zaidi ya asilimia 5 ya kiwango cha bima, isipokuwa kama kimetajwa peke yake kwenye mkataba. Asilimia 5 ya milioni 30 ni milioni moja na nusu. Kwa hiyo televisheni ya 2,800,000 ikawa 1,500,000, laptopu ya 2,400,000 ikawa 1,500,000, na "dhahabu" ya 2,600,000 nayo ikawa 1,500,000. Ukijumlisha na vidogo vilivyobaki ilikuwa milioni 8. Hapo wakakata asilimia 30 ya uchakavu kwa kila kitu, ikabaki 5,600,000. Kisha wakaja na kanuni ya uwiano. Asesa alisema vitu vyote ndani ya nyumba yangu vina thamani ya milioni 45, nami nimekata bima ya milioni 30 tu, kwa hiyo theluthi moja ya kila hasara naibeba mwenyewe. Ikawa 3,733,000 na kitu. Mwisho asilimia 10 ambayo mkataba unasema kila dai mwenye bima anajibebea. Ndiyo ile 3,360,000.

Hasira yangu ya kwanza ilikuwa kwenye uwiano, na ndipo nilipokuwa na makosa zaidi. Ukifikiria, kanuni yenyewe si wizi. Kama nyumba ina vitu vya milioni 45 na umelipia ulinzi wa 30, hujalipia theluthi moja ya kila sahani. Mimi ndiye niliyetaja namba bila kuhesabu. Lakini je, 45 ilitoka wapi? Niliomba orodha ya vitu alivyovihesabu. Ndani yake kulikuwa na makabati ya ukutani, tangi la maji na mtambo wa maji moto, jumla milioni tano na nusu. Vyote hivyo ni vya mwenye nyumba. Mimi ni mpangaji, siwezi kukata bima ya tangi lisilo langu. Na kulikuwa na mashine mbili za kushona, milioni tatu na nusu. Nilisoma mstari huo mara nne. Wakati wa kulipa, mashine zilikuwa za biashara, hazimo kwenye bima. Wakati wa kunikata, mashine zilikuwa vitu vya nyumbani, zimo. Nilimwamsha mke wangu saa sita usiku nimwonyeshe. Akasema, "Basi ziwe zimo au hazimo, wachague," akageuka upande wa pili akalala.

Ukiondoa vyote hivyo inabaki milioni 36. Thelathini kwa thelathini na sita. Badala ya theluthi, nabeba moja ya sita. Hiyo ni yangu, sikuipinga.

Uchakavu ulikuwa rahisi kuliko nilivyotegemea. Mkataba ulisema wazi kwamba vitu vya ndani vinalipwa kwa bei ya kununua kipya, isipokuwa nguo na matandiko. Gomesi zikatwe, ni haki. Spika haikatwi.

Na kile kikomo cha asilimia 5? Kifungu kilikuwa kirefu, na katikati yake kulikuwa na mabano. Macho yangu yaliyaruka mara ya kwanza na ya pili, kama wengi tunavyoruka mabano. Ndani yake kulikuwa na maneno machache: isipokuwa fanicha, vyombo vya umeme vya nyumbani, redio na televisheni. Kikomo hakigusi televisheni kabisa. Maneno hayo ndani ya mabano yalikuwa na thamani ya shilingi 1,300,000 kabla ya makato mengine, na asesa wao aliyaruka vile vile.

Dhahabu ilikuwa na hoja yake. Kikomo ni kwa kitu kimoja, na "dhahabu" si kitu kimoja: ni bangili ya 1,400,000, mkufu wa 700,000 na hereni za 500,000. Hakuna hata kimoja kinachofika kikomo. Lakini hatukuwa na risiti, ilikuwa zawadi ya harusi. Tulikuwa na picha za harusi, na kikaratasi kidogo cha sonara, kimekunjwa kwenye Qurani ya mke wangu, cha siku alipoipeleka bangili kupunguzwa. Kilikuwa na muhuri, tarehe, na maneno "bangili 1, gramu 7". Sijawahi kuona karatasi ndogo iliyofanya kazi kubwa hivyo.

Mashine za kushona niliziacha. Hili ndilo lililoleta ubaridi nyumbani. Mke wangu alitaka niandike kwamba anashona nguo za watoto tu. Lakini asesa alikuwa ameona daftari la vipimo vya wateja ukutani, na vitambaa vya watu vimebandikwa majina kwa pini. Nilimwambia tukidanganya hapa, dhahabu nayo haitaaminiwa. Alinijibu kwa kunyamaza, na kunyamaza kwake nakujua. Najua nilikuwa sahihi kwenye karatasi. Bado sina uhakika kama nilikuwa sahihi jikoni.

Barua niliyoandika ilikuwa kurasa mbili. Ukurasa wa kwanza ulikuwa wa yale ninayoyakubali: mashine hazimo, nguo zikatwe uchakavu, uwiano upo, asilimia 10 ipo. Laptopu nilijaribu kuiingiza kwenye vyombo vya umeme vya nyumbani, lakini sikuishikilia sana. Rafiki mmoja alisoma akaniambia nimekuwa mpole mno, ningedai yote milioni 14 ili wanipe nusu. Mimi naona tofauti. Asesa akishaona umekubali mistari inayokuumiza, anashindwa kukutupa kwenye kapu la wapiga kelele.

Hata hivyo wiki tatu zilipita bila jibu. Ada nililipa kwa mkopo wa chama chetu cha akiba. Nikaambiwa jambo ambalo sikulijua: Mamlaka ya Kusimamia Bima ina kitengo cha malalamiko, ofisi zao ziko Nakasero, na huhitaji wakili wala hulipi kitu. Wanachotaka ni ushahidi kwamba ulianza kwa kampuni yenyewe, na nakala za karatasi zako. Nilipeleka barua yangu, mkataba, ule ukurasa wa hesabu na kikaratasi cha sonara. Jirani yangu anayefanya kazi mahakamani alikuwa ameniandalia njia ya akiba pia, utaratibu wa madai madogo usiozidi milioni 10, ambao nao hauna wakili. Sikufika huko.

Tuliitwa mezani, mimi upande mmoja, kampuni upande mwingine. Meneja wao alianza na siku mbili za dhahabu: kwa nini haikutajwa polisi usiku wa kwanza? Nikaeleza kopo la maziwa. Mama mmoja wa kitengo akacheka, akasema hata yeye anaweka kwenye unga wa uji. Sidhani kama hicho ni kifungu cha sheria, lakini meneja hakurudi tena kwenye dhahabu. Alipofika kwenye thamani ya milioni 45, niliweka orodha mbili kando kwa kando na kidole changu kwenye mashine za kushona. Alizitazama kwa muda. Akaandika kitu kwenye karatasi yake, akasema watahesabu upya.

Walihesabu. Televisheni kamili, dhahabu kamili, laptopu ilibaki 1,500,000 kama nilivyotegemea, nguo 1,050,000, na vingine bila uchakavu. Jumla 9,950,000, mara tano ya sita, toa asilimia 10. Novemba iliingia benki 7,462,500. Nilikuwa nimeshaipata namba hiyo hiyo kwenye daftari langu mwezi mzima kabla, na nakiri nilifurahia namba kulingana karibu kama nilivyofurahia pesa.

Bangili mpya ndiyo iliyonunuliwa kwanza, sikuulizwa. Mke wangu aliendelea kushona kwa cherehani ya mkono ya mama yake, ile ya kuzungusha, iliyokuja kwa basi kutoka Bombo imefungwa kwenye shuka. Mwaka uliofuata, bima ilipokaribia kuisha, kijana wa benki alinipigia simu kuuliza kama tuweke milioni 30 ile ile. Nikamwambia asubiri. Jumapili hiyo tulizunguka nyumba, mke wangu mbele anasoma namba zilizo nyuma ya kila kitu, mimi nyuma yake naandika. Tulipofika kwenye mashine mpya ya ovaloki aliyoinunua kwa pesa yake mwenyewe, alisimama, akainama akasoma namba yake polepole, tarakimu moja moja, kisha akasema, "Hii iandike peke yake. Na uandike ni ya biashara."